Jinsi Tulivyojenga Madarasa Mawili kwa Udongo wa Kijiji Chetu

Niliposimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, huku kwetu mkoani Dodoma, nikapendekeza kwamba madarasa mawili tuliyopungukiwa yajengwe kwa udongo, mzee mmoja aliinuka akaniuliza: "Fundi, sisi tumetoka kwenye tembe juzi tu, leo unataka kuwarudisha wajukuu zetu huko huko?" Swali lake lilikuwa la haki. Kwetu udongo ni kumbukumbu ya paa lililovuja na boriti zilizotafunwa na mchwa, na mtu akipata fedha kidogo huanza kwa kuachana nao. Kwa hiyo sikubishana naye, bali niliomba mwezi mmoja na nusu wa majaribio, tena majaribio yafanywe na wao wenyewe.

Tofali za kuchoma nilizikataa tangu mwanzo. Tanuri moja humeza kuni nyingi mno, na migunga iliyobaki kando ya korongo letu inahesabika.

Udongo wenyewe sikuutafuta mimi. Nilimfuata bibi mmoja aliyekandika nyumba tangu usichana wake, tukazunguka naye mashimo manne. Kila mahali tuliondoa kwanza tabaka la juu lenye mizizi na mboji, kwa kuwa hilo halifai kwa tofali, kisha yeye akachukua udongo kidogo, akausugua kiganjani, akautia mdomoni na kuusaga polepole kwa meno ya mbele ili ausikie mchanga wake. "Huu mweusi wa mbuga usiuguse, mwanangu," aliniambia, "ukikauka unapasuka kama kisigino." Niliujaza hata hivyo katika kisanduku cha mbao cha urefu wa sentimita 60, na mwekundu alioukubali nikaujaza katika kingine, nikaviweka kivulini kwa siku saba. Mwekundu ulisinyaa milimita 18 tu, wakati mweusi ulikuwa umekatika vipande. Tangu siku hiyo sikuruhusu shimo lolote lichimbwe kabla bibi hajaonja.

Tulianza kufyatua mwezi wa Juni, baada ya mavuno, watu walipokuwa na nafasi ya kuja kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji. Mashine ilikuwa ya mkono, ile ya tofali za kufungamana ambazo hupangwa bila udongo wa kuunganishia katikati. Tulichanganya ndoo moja ya saruji kwa ndoo 12 za udongo uliochekechwa, na mfuko wa kilo 50 ulitupatia tofali takriban 70. Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani kivuli cha mti kingetosha kuzihifadhi, nikasahau upepo mkavu wa Dodoma wa miezi hiyo, na baada ya siku tatu tofali za mwanzo zilikuwa na nyufa pembeni, kwa kuwa maji ambayo saruji ilihitaji ili ishike yalikuwa yamepeperushwa. Nililieleza kosa langu mbele ya kamati ya ujenzi, na kina mama wakapendekeza tuzifunike kwa nyasi na viroba vilivyoloweshwa, wakagawana zamu za kumwagilia asubuhi na jioni.

Zilipotimiza siku 28 tulizamisha tofali moja katika pipa la maji, pamoja na tofali mbichi ya kawaida. Asubuhi tofali mbichi ilikuwa tope chini ya pipa. Ile yetu aliitoa yule mzee kwa mikono yake, akaigonga kwa jiwe mara tatu, akaisikiliza, akasema: "Haya, tuchimbe msingi."

Kuhusu paa nilikuwa na mwalimu wa mbali. Francis Kéré, msanifu majengo mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, aliwajengea watu wake shule ya msingi ya udongo iliyokamilika mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004; mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, tuzo yenye heshima kubwa duniani kwa wasanifu majengo. Pale Gando bati limeinuliwa juu kabisa ya dari la tofali lenye matundu, hivyo hewa ya moto hupanda na kutoka, na joto la bati haliwashukii watoto moja kwa moja. Dari la namna hiyo lilituzidi uwezo, lakini wazo lake tulilishika: tuliinua bati juu ya kuta, tukaacha uwazi pande zote mbili, na chini ya madirisha tukapanga tofali zenye matundu ili hewa baridi iingie. Bati lilitokeza mita moja nje ya ukuta, na juu ya kuta tulizungusha mkanda wa zege wenye nondo, maana Dodoma imo katika eneo la Bonde la Ufa na ardhi yake hutikisika.

Msingi wa mawe niliupandisha sentimita 45 juu ya ardhi, na hapo kamati ililalamika kwamba tunapoteza mawe. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku mwezi wa Desemba. Kulipokucha nilikwenda shuleni kutazama, nikakuta tope lililorushwa na matone limeishia kwenye mawe, vidole vinne chini ya tofali za kwanza. Yule mzee alikuwa amenitangulia, ameinama ukutani, anapima kwa vidole vyake.