Siku moja na daftari la wakazi: kijiji cha zamani upande wa Sengerema

Saa 12 asubuhi naanza kuandikisha wakazi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, si ofisini. Mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, na mvuvi akishalala haamki hadi alasiri. Kila mtumbwi una watu wanne au watano. Zidisha kwa mitumbwi iliyoegeshwa, kisha linganisha na majina anayotaja tajiri, yaani mwenye mitumbwi. Tajiri hutaja aliowaajiri mwezi uliopita: aliyeondoka bado yumo, aliyefika jana hayumo. Kwa hiyo kila mvuvi aulizwe mwenyewe ametoka wapi, amefika lini, na mke na watoto wanaishi wapi.

Hesabu ya mwalo hupangwa kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukipevuka taa hazivuti samaki, kambi zinabaki tupu, watu wamekwenda kwao Ukerewe au Musoma. Ukihesabu wakati wa mbalamwezi tu, wavuvi wageni hawaonekani popote. Ukihesabu wakati wa giza tu, wapita njia wamekuwa wakazi. Tunapita mara mbili: anayekutwa zote mbili anaingia daftarini, wengine wanakwenda ukurasa wa wageni. Mzunguko wa pili ndio unaorukwa sana, na ndio wenye thamani kubwa.

Saa 3 tunapanda vitongoji vya juu, kwa Wazinza na Wasukuma wa siku nyingi. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake na akiba yake ya chakula, ana kaya mbili, ila yeye anaandikwa kwenye moja tu. Mama ukimuuliza ana watoto wangapi atakutajia hata binti aliyeolewa na kijana anayeishi Mwanza mjini, maana ni wanawe. Uliza: “Shikamoo mama. Usiku wa jana nani walilala hapa?” Halafu omba kadi za kliniki, kwa sababu watoto wachanga ndio husahaulika zaidi.

Saa 5 ni umri wa wazee. Asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa anajua alikuwa na ukubwa gani wakati wa Uhuru 1961, mvua zilizofuata na ziwa likapanda, kuhamia vijijini 1974, vita ya Kagera, au kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996. Tumia matukio mawili. Majibu yakipishana zaidi ya miaka mitano, ongeza la tatu.

Saa 8 mchana tunafika kwenye mahame, walikokaa watu kabla ya kukusanywa vijijini. Utayajua kwa minyaa ya ua iliyogeuka miti mirefu na mawe ya kusagia yaliyoachwa. Jina la hame la ukoo liandikwe kwenye safu ya “alikotoka”; bila hilo, ugomvi wa mashamba hauna pa kuanzia.

Saa 10 jioni ni ofisini. Marehemu na aliyehama anakatwa kwa mstari mmoja wa wino na tarehe pembeni, hafutwi. Ukurasa ukichanwa, namba za kaya zinavurugika. Kisha naanza kujumlisha kaya kwa kaya, kwa sababu vyandarua hugawiwa kimoja kwa watu wawili: kaya ya watu 4 inapangiwa 2, ya watu 5 inapangiwa 3. Kichanga mmoja akiachwa, kaya ya watu 5 inaandikwa 4, nayo imekosa chandarua kizima.