Pima maji

Jana fundi aliweka pima maji juu ya kozi ya mwisho ya tofali, akasubiri kiputo kitulie. Nikajikuta niko Pasua, Moshi, nimeinamia sakafu.

Jicho la kushoto lilikuwa limeshatolewa mtoto wa jicho, likawekwa lenzi ya bandia, nikarudi Arusha nasoma mpaka namba za kwenye vocha. Mwezi wa pili vikaanza vimulimuli pembeni, hasa gizani, kisha vijidudu vyeusi visivyofukuzika. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni kidonda kinapona. Siku ya nne likaja pazia jeusi, nalo halikushuka, lilipanda kutoka chini.

Retina, ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea picha, imechanika upande wa juu, daktari akasema, maji yamepenya nyuma yake, inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wakanipasua tena, wakajaza gesi jichoni. Masharti: ulale kifudifudi, na usirudi Arusha mpaka gesi iishe. Moshi iko kwenye mita 900 hivi, Arusha inakaribia 1,400. Ukipanda, gesi inatanuka na jicho linajaa presha. Basi nyumbani kwangu pakawa mbali kuliko Ulaya. Nikahamia kwa dada, Pasua. (Aliyepasuliwa kahamia Pasua, majirani walicheka wiki nzima.)

Sakafu ya dada naijua ufa kwa ufa.

Asubuhi moja aliniruhusu kunywa chai nimekaa uani. Nikaziba jicho la kulia, lile lisilo na ugonjwa, kwa kiganja, nikainua uso. Karibu na ukingo wa juu palikuwa na mstari, umelala kama maji kwenye glasi. Juu ya mstari, Kibo. Theluji peke yake, haina mlima. Chini ya mstari kila kitu kilikuwa kinacheza kama kiko ndani ya sufuria inayochemka. Nikainamisha kichwa begani. Mstari ukabaki umelala vilevile.

"Kaka, uso chini! Unatafuta nini huko?"

Sikumjibu. Kila baada ya siku chache, gesi ikipungua, mstari ulishuka: mawe, msitu, mwisho kabisa bati la jirani. Dada hajui mpaka leo kwamba nilikuwa naiba dakika kuutazama.

"Mzee, kiputo kiko katikati," fundi akasema.

Nikautazama ukuta kwa jicho la kushoto. Una tumbo. Nikalifumba, nikatazama kwa la kulia. Umenyooka.

"Hebu pima tena," nikamwambia.