Kwa nini mjomba hugonga kikombe

"Mama, kwa nini mjomba akimimina kahawa hukigonga kwanza kikombe?"

Kitinda mimba wangu huyo, juzi baada ya Alasiri. Kaka alikuwa amekaa pale pale pake, mgongo ukutani, dele mkononi. Ting. Mdomo wa dele ukagusa ukingo wa kikombe, kisha kahawa ikashuka. Nilimwambia mtoto akaniletee kashata. Hakwenda. Alibaki ananikodolea macho, na mimi nilikuwa nimeshafika mbali, kwenye usiku mmoja wa Ramadhani ya mwaka 2016, usiku tuliochagua bunduki ya rangi ya mwanangu mkubwa.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Juni, na mwanangu mkubwa alikuwa asafiri mara tu baada ya Idi kwenda kwa khaloo wake, mdogo wangu, Ohio, Marekani. Alikuwa na miaka 15. Tiketi kailipa khaloo. Changu mimi kilikuwa pesa ya mkononi, na nilikuwa nayo: zamu yangu ya mchezo wa upatu ilitoka wiki ile ile, na kwa bei ya dola ya siku zile nikapata dola 150 kamili. Nilikuwa nashona magauni ya Idi usiku na mchana, kwa hivyo kila dola katika zile naijua ilivyopatikana.

Yeye alishajua atazifanyia nini. Binamu zake kule wanacheza peintiboli, mchezo wa kupigana kwa bunduki zinazofyatua vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa, na hakutaka kufika akawa mtu wa kukodi ya uwanjani. Alitaka yake. Kwa muda wa wiki tatu hakukuwa na hadithi nyengine humu ndani.

Baada ya tarawehi tulikaa uani, mimi, kaka, bibi yake, na yeye na karatasi yake. Khaloo na bwana wake walikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye birika. Kule kwao bado mchana.

Alianza kwa historia, maana ananijua mama yake. Akasema bunduki hizi hazikutengenezwa kwa mchezo. Watu wa misitu na wafugaji wa Marekani walizitumia kutia alama miti na ng'ombe kwa mbali. Ndipo tarehe 27 Juni 1981 watu 12 wakaingia nazo katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire, kila mtu peke yake, kutafuta bendera zilizofichwa. "Na aliyeshinda, mama, hakufyatua hata mara moja. Alipita kimya kimya, akazikusanya bendera zake zote, akatoka."

Hilo lilinipendeza mno. Nilimwambia na yeye akashinde vivyo hivyo.

Karatasi yenyewe ilikuwa safi, imepigwa mistari kwa rula. Juu kabisa palikuwa na bunduki ya betri ambayo ameshaikata mwenyewe, kwa kuwa ile peke yake ingemeza pesa zote na deni juu. Chini yake Tippmann 98, mpya, ya chuma, ambayo kila mtu aliyemuuliza kamwambia ni ya mwanafunzi na haifi. Halafu hopa, yaani lile bakuli la juu linalobeba vidonge. Halafu chupa ya gesi. Halafu vidonge. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, barakoa ya uso, ya bei ya chini kuliko zote.

Shemeji yangu ni mtu wa subira. Alimwambia kwamba bunduki hununuliwa mara moja, lakini vidonge ndivyo vinavyokula pesa. Boksi lina vidonge 2,000, na kijana mwenye kidole chepesi anaweza kulimaliza kwa siku moja. Bibi akauliza vimetengenezwa kwa nini. Jelatini, akasema shemeji, ganda lake ni jelatini kama la vidonge vya dawa, ndani ni rangi inayotoka kwa maji. Bibi akataka kujua jelatini ya mnyama gani. Pale kila mtu akanyamaza, maana hakuna aliyekuwa na jibu, na bibi akakata shauri mwenyewe: akirudi uwanjani avue nguo zote, aoge, ndipo asali. Mwanangu akaitikia. Likaisha.

Kaka alikuwa hajasema kitu tangu tulipokaa.

"Hicho cha mwisho ni nini?" aliuliza.

"Barakoa, mjomba."

"Na kidonge kinakwenda kasi gani?"

Mwanangu alilijua hilo kwa moyo. Viwanja vingi haviruhusu kupita futi 300 kwa sekunde. Kama mita 91.

"Kwa dakika?"

"Kwa sekunde, mjomba."

"Kikubwa kiasi gani?"

"Milimita 17."

Kaka hana habari na milimita. Akanyoosha kidole gumba na cha shahada, akaviacha nafasi kidogo baina yake, mwanangu akamwambia punguza, punguza, hapo hapo. Kaka akatazama ile nafasi.

"Kama komwe," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nililiweka chini.

Wengi wenu mnajua kwamba kaka ana jicho moja, ila sijapata kuandika vipi. Ilikuwa Idi, Wete, Pemba, mimi na miaka minane, yeye kumi na mbili. Wavulana wa mtaa waligawana pande mbili wakapigana vita kwa manati, na risasi zilikuwa komwe, zile mbegu za kijivu ngumu kama jiwe zinazookotwa pwani na kuchezewa bao. Moja ilimpata jicho la kushoto. Alipelekwa hospitali usiku ule ule, akakaa siku nyingi, jicho halikupona. Aliyepiga alikuwa rafiki yake. Ni rafiki yake hadi leo. Basi.

Turudi uani.

Kaka alimwambia mwanangu asogee. "Fumba jicho la kushoto. Likandamize kwa kiganja. Umelifumba? Haya, tumiminie kahawa."

Mtoto akacheka. Akaliziba jicho kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukanyanyua dele. Kaka alichukua kikombe tupu, kile kidogo kisicho na mkono, akakishika hewani mbele yake kwa ncha za vidole vitatu. Hakukisogeza wala hakukitikisa. Taa ya uani ilikuwa nyuma yao, na niliiona vizuri kahawa ikitoka kwenye mdomo wa dele, uzi mweusi mwembamba wenye moshi, ikapita nje ya kikombe, mbele yake kwa upana wa kidole, ikaangukia sinia. Mtoto alistuka. Akarudisha dele nyuma, akajaribu tena, na safari hii ilipita upande wa pili na kumwagikia kaka vidoleni.

Kahawa ile ilikuwa imetoka kwenye makaa muda si muda. Kaka hakukitupa kikombe. Vidole vyake viligeuka vyekundu mbele ya macho yetu naye akabaki amekishika vile vile, anasubiri, uso umetulia kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kusoma mstari. "Tena," akasema.

Mara ya tatu mwanangu aliishusha dele polepole sana, ulimi nje, mkono unatetemeka. Zikaingia nusu. Nusu zikaenda kwenye jamvi. Alikuwa hacheki tena.

Kaka akafuta vidole kwa leso, akaichukua dele mwenyewe. Akasogeza mdomo wake hadi ukagusa ukingo wa kikombe. Ting. Akamimina, kikajaa hadi pale panapotakiwa, bila tone la nje.

"Mimi huanza kwa kugusa," alimwambia. "Nikishagusa ndio nikajua kilipo. Jicho moja linakuonesha kikombe. Halikwambii kiko mbali kiasi gani."

Nimezaliwa na yule mtu nyumba moja. Mlio ule nimeusikia tangu nina miaka minane. Nilidhani ni mazoea, kama mwengine anavyokohoa kabla ya kusema, na mama yangu alikuwa akimgombeza kwamba atatuvunjia vikombe. Hakuna hata siku moja aliyotwambia. Ni watoto wangapi wa nyumba ile waliomuigiza kwa mchezo, na yeye akacheka nao?

Kwenye simu mdogo wangu alikuwa analia. Bwana wake akamshika bega, kisha akatusogelea, na hapo ndipo mazungumzo ya kununua bunduki yalipoanza hasa.

Alitufahamisha mambo ambayo laiti ningeyajua kabla. Kwamba barakoa ya bei ya chini ina lenzi ya tabaka moja, na lenzi ya namna hiyo hushika ukungu. Kijana anakimbia, jasho linamtoka, haoni, anainua barakoa afute mara moja tu, katikati ya mchezo. Macho mengi hupotea hapo, wakati barakoa imo kichwani lakini haiko machoni. Ya lenzi ya matabaka mawili, yenye hewa katikati, haishiki ukungu ovyo, na mtoto hana sababu ya kuinyanyua. Akasema tena kwamba bunduki iliyotumika si neno. Chuma ni chuma, unabadilisha vipira vinavyozuia hewa, unatia tone la mafuta, inafanya kazi. Chupa ya gesi iliyotumika unaisoma tarehe iliyopigwa shingoni, kwa sababu nyingi zake zikitimiza miaka mitano lazima zipelekwe kupimwa ndipo zijazwe. Lakini barakoa iliyotumika usinunue. Lenzi ni plastiki, inaweza kuwa imeshapigwa kwa karibu au imefutwa kwa dawa isiyofaa, ikaingia ufa usioonekana, na wewe hutajua mpaka siku ya siku.

Nikaichukua kalamu. Barakoa mpya ya lenzi mbili, dola 50, nikaiandika juu kabisa. Bunduki, Tippmann ile ile, lakini iliyotumika, ambayo shemeji alijua pa kuipata kwa dola 60. Mfuko wa kufunika mtutu. Chupa watamuazima. Kilichobaki, vidonge.

Mwanangu aliitazama karatasi yake nzuri ya rula ikipasuliwa. Aliitikia kila kitu. Alimbusu mjomba wake mkono. Ila nilimuona usoni. Kwa wiki tatu alikuwa ameota jambo moja, kufungua boksi jipya la kitu alichokichagua mwenyewe, na kijana wa miaka 15 katika nyumba yetu hafungui mabokisi mapya mengi. Alikwenda kulala bila kuniambia kitu. Nilikaa na cherehani hadi daku.

Alikwenda, akarudi. Bunduki aliwaachia binamu zake, kama nilivyomsharutisha, kwani sikutaka kitu cha sura ile kipite kwenye mizigo wala kiingie mtaani kwetu. Barakoa alirudi nayo, kaifunga ndani ya kanzu. Alicheza mara nne. Nilimuuliza ilipigwa wapi, nikaigeuza mwangani kuitafuta alama. Akasema hakupigwa usoni hata mara moja. Begani, pajani, mgongoni, na yalimuuma, lakini usoni hapana.

Kwa hivyo sijui. Mara nyengine huwaza kwamba zile dola 50 hazikuwa za mwanangu. Zilikuwa za mvulana wa Wete, zikafika zimechelewa miaka mingi, na mwanangu ndiye aliyekosa boksi lake. Mara nyengine naitoa ile barakoa kabatini, bado ina punje za nyasi za Ohio kwenye sponji, naivaa, natazama dunia kwa macho yangu yote mawili kupitia kioo kile, na najua ningezitoa tena, na za mwezi uliofuata pia.

Mambo mengine sikuyaandika kwenye karatasi ile. Vita vya siku ya Idi wasichana hawakuchezeshwa. Sisi tulikuwa na kazi moja tu, kwenda pwani kuokota komwe, tukazileta kwenye pindo la kanga. Mimi nilikuwa hodari. Nilichagua zilizo nzito. Kaka hajawahi kuniuliza, nami sijawahi kumwambia, na sijui kama anajua.

Juzi mtoto alipoona simjibu, aligeuka akamuuliza mwenyewe. "Mjomba, kwa nini unakigonga?"

Kaka aliinua uso. Alinitazama mimi kwanza, kisha yeye.

"Kaa hapa," alimwambia. "Lete mkono nikuoneshe."

Akaushika mkono wake mdogo juu ya wake, wakainyanyua dele pamoja. Mimi nikainuka kwenda kuyatazama makaa.