Jinsi nilivyoshuka chini ya saa mbili

Siku mbili baada ya Eliud Kipchoge kukimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, nilikwenda uwanjani kupima kitu kimoja. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: kasi yake ilikuwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita, yaani mita 200 kwa sekunde 34. Nusu mzunguko tu wa uwanja. Nikavua sweta, nikabonyeza saa, nikatimka kama mtu anayekimbilia kumwokoa mtoto barabarani. Nilipofika upande wa pili niliinama, mikono magotini, mate mazito mdomoni, masikio yakivuma. Saa ilisoma sekunde 49. Yeye aliunganisha vipande kama kile 210 na ushee bila kupumzika, na hakuna alichokikimbia polepole.

Ningeweza kurudi nyumbani nikiamini kwamba watu wale ni viumbe wa aina nyingine. Lakini kuna jambo nililoliona Jumamosi ile ya tarehe 12 Oktoba 2019 ambalo halikutaka kunitoka. Wenzangu nyumbani walikuwa wanaangalia saa iliyokuwa inahesabu kwenye kioo cha televisheni. Mimi nilikuwa nawaangalia wale waliokuwa wakikimbia naye katika bustani ya Prater, jijini Vienna. Watano mbele wamejipanga kama herufi V, wawili nyuma, wote wakimkinga upepo. Baada ya muda kundi moja linajitenga pembeni na jingine linaingia, na yeye katikati hapotezi hata hatua. Kwa jumla walikuwa 41, miongoni mwao bingwa wa Olimpiki na watu waliowahi kushinda dunia, na asubuhi ile wote walikubali kazi ya kukata upepo kwa ajili ya mtu mwingine. Mita mia chache kabla ya mwisho wakapunguza mwendo, wakamwachia barabara, wakawa wanashangilia huku bado wanakimbia.

Muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Hayakuwa mashindano ya wazi, wadhibiti kasi, yaani wale waliokuwa wakimkinga upepo, walikuwa wanapokezana, na vinywaji aliletewa kwa baiskeli. Niliwasikia watu wengi wakisema, "Basi hata mimi ningesaidiwa hivyo..." na kusema kweli moyoni niliwaunga mkono kidogo. Nilihitaji karibu miaka minne kuona nilivyokosea.

Kesho yake baada ya mbio ile ya Vienna, Brigid Kosgei, mama wa mapacha, alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 14 na sekunde 4, akaifuta rekodi ya dunia ya wanawake ya Paula Radcliffe iliyodumu tangu mwaka 2003. Nilikuwa na umri wa miaka 41, watoto wawili, na kazi ya kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Usiku huo nikaandika lengo langu nyuma ya daftari: nusu marathoni, kilomita 21.1, chini ya saa mbili. Nusu ya masafa ya Kipchoge kwa muda uleule aliokuwa ameuvunja. Ukiligawa lengo hilo linadai dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita, na mimi wakati ule sikuwa na uwezo wa kukimbia dakika tano mfululizo kwa mwendo wowote ule.

Nilianza kwa kujificha. Nilitoka alfajiri kabla watu hawajaamka, nikarudi nikaoga, nikanyamaza. Kila siku nilikimbia kwa nguvu zote, kwa sababu nilidhani hivyo ndivyo mabingwa wanavyofanya. Wiki ya tano ugoko wa mguu wa kulia ukaanza kuuma, kwanza nikiwa nakimbia, halafu hata nikishuka ngazi. Nikaacha. Nikaanza tena, ukauma tena, nikaacha. Zaidi ya miaka miwili ilipita hivyo, na kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nimeanza, hakuna aliyejua kwamba nimeacha.

Aliyenigundua ni mtoto wa kaka yangu, wakati huo akiwa na miaka kumi na minane, kijana anayekimbia mbio za nyika tangu shule. Alinikuta barabarani alfajiri moja, akanifikia bila hata kuhema.

"Shangazi, mbona unakimbia kama unafukuzwa?"

Sikuweza kumjibu, pumzi hazikunitosha. Akacheka kwa upole, akasema hapo ndipo penye tatizo: kama huwezi kutamka sentensi nzima, siku ya mazoezi mepesi umeigeuza kuwa siku ya mashindano. Akanieleza kwamba hata Kipchoge na wenzake kule kambini Kaptagat, chini ya kocha Patrick Sang, huanza mbio zao za asubuhi taratibu mno, na kwamba sehemu kubwa ya kilomita zao za wiki ni za mwendo mwepesi. Siku za kasi ni chache, na hizo huzifanya kwa ukali kamili. Nilikuwa nimeona matokeo ya mwisho kwenye televisheni, nikadhani nimeona kazi yote.

Basi nikajifunza kwenda polepole. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Mara nne kwa wiki, tatu kati ya hizo kwa mwendo wa kuongea, dakika 7 na nusu kwa kilomita, mara nyingine nane. Siku moja tu ya vipande vya kasi. Kipchoge anajulikana kwa kuandika kila zoezi kwenye daftari, miaka nenda miaka rudi, nami nikafanya hivyo: umbali, muda, usingizi, mguu unasemaje. Kufikia mwezi wa nne neno "ugoko" lilikuwa limetoweka kwenye kurasa. Nilipofungua kurasa za mwanzo na kulinganisha, mapigo ya moyo yaliyokuwa yananipeleka kwa dakika 7 na nusu sasa yalinipeleka kwa 6 na sekunde 40, na sikuwa nimejilazimisha hata siku moja.

Nusu marathoni yangu ya kwanza ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2023. Kijana alijitolea kukimbia pembeni yangu. Nikakataa. Nilimwambia nataka iwe yangu mwenyewe, na nilikuwa namaanisha. Niliona kusaidiwa ni kupunguza thamani ya kitu. Nikaanza pamoja na umati, nikabebwa na kelele, kilomita ya kwanza kwa dakika 5 na sekunde 10, ya pili vilevile. Nilijiona nimebadilika. Kilomita ya 15 miguu ikawa mizito, ya 17 nikatembea. Nilimaliza kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 18. Watu walinipongeza, nami nikawashukuru, lakini ndani nilijua nilipoiharibu ni pale mwanzoni, mahali ambapo mtu mmoja tu wa kuniambia "shuka" angetosha.

Hapo ndipo nilipoirudia Vienna kichwani. Kipchoge alikuwa amejaribu kwanza Monza, Italia, Mei 2017, akamaliza kwa saa 2 na sekunde 25. Mtu mwingine angesema imeshindikana kwa sekunde chache, yatosha. Yeye alirudi baada ya zaidi ya miaka miwili, na akakubali tena watu wamzunguke dunia nzima ikitazama. Bingwa wa Olimpiki hakuona aibu kukingiwa upepo. Mimi ninayetembea kilomita ya 17 nilikuwa naona aibu ya nini?

Kumwomba yule kijana kulinichukua wiki nzima. Naona niseme wazi kwamba sentensi ile ilinitoa jasho kuliko mazoezi yoyote. "Nisaidie, peke yangu siwezi." Akasema tu, "Nilikuwa nasubiri, shangazi." Kisha nikazungumza na mume wangu, tukapangana zamu: siku nne za wiki asubuhi za watoto ni zake. Kumbe nilikuwa nalala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa sababu ya kutaka kuficha, si kwa sababu ya kukosa msaada.

Oktoba mwaka huohuo Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaweka rekodi ya dunia. Kijana alinijia na karatasi yenye namba mbili: nusu ya kwanza saa 1 na sekunde 48, nusu ya pili dakika 59 na sekunde 47. Yaani aliongeza mwendo pale ambapo wengine wanavunjika. Tukaibandika karatasi ile ukutani. Mpango wangu wote wa mbio ya pili ulitokana nayo: kuanza nyuma kidogo ya lengo, kuvumilia kupitwa, kulipa deni baadaye.

Tarehe 11 Februari 2024 Kiptum alifariki katika ajali ya gari pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24, na rekodi yake ilikuwa imeidhinishwa siku chache tu kabla. Kesho yake asubuhi tulikimbia kilomita 12 bila kuongea. Karatasi hatukuitoa ukutani.

Mbio yangu ya pili ilikuwa miezi mitatu baadaye. Kijana alijiandikisha, akavaa namba yake kama mimi. Kilomita za kwanza alinizuia kwa mkono, wazi kabisa, kiganja kikiwa chini kama unavyomtuliza mtoto, wakati mamia ya watu wanatupita. Nusu njia saa ilisoma saa 1 na sekunde 5. Tulikuwa nyuma kwa sekunde tano, na kifua changu kilikuwa kimetulia.

Kilomita ya 16 barabara ilipinda, tukakutana na upepo wa uso. Hakusema neno. Alihama kutoka pembeni akakaa mbele yangu, na nilisikia upepo ukikatika ghafla, kama mtu amefunga dirisha. Kuanzia hapo sikuona kitu kingine: mgongo wake, doa la jasho kati ya mabega lililokuwa linashuka taratibu, nyuzi mbili zilizochomoza kwenye pindo la fulana. Nikahesabu hatua mpaka mia, nikaanza upya. Kilomita ya 19 nilitaka kumwambia aende, aniache. Akageuka nusu, akaniuliza, "Unaweza kusema sentensi?" Nikasema, "Hapana." Akasema, "Vizuri, sasa ni wakati wake."

Mita kama mia tatu kabla ya mwisho mgongo ule ukasogea kando. Nilidhani amechoka. Kumbe amepunguza mwendo makusudi, na nikamsikia nyuma yangu akipiga makofi huku anakimbia.

Saa 1, dakika 59 na sekunde 33. Nusu ya pili ilikuwa ya dakika 59 na sekunde 28.

Siku hizi Jumamosi nakimbia na mwenzangu wa kazini aliyekuwa anatoka alfajiri kwa kujificha kama mimi. Analenga kilomita tano kwa dakika 40, bila kutembea. Wiki iliyopita alifika kilomita nne na nusu kabla ya pumzi kumkatikia, na barabara tunayotumia huwa na upepo wakati wa kurudi. Tukigeuza tu, nahamia mbele yake.