Kujitolea bustanini kwenye zuu ndogo Uingereza: tawi ulilokata linaenda wapi?

Zuu ndogo, yaani bustani za wanyama, hapa Uingereza zina kazi nyingi ya bustani, na aliyewahi kukata majani ya ng'ombe nyumbani anakaribia kuijua tayari. Tofauti ni kwamba huku tawi moja ni chakula na la jirani yake ni sumu, na ukizembea yote mawili yanaangukia toroli moja.

Kwanza mambo ya karatasi. Anayesubiri jibu la maombi ya hifadhi anaruhusiwa kujitolea kwenye shirika la hisani au la umma, hata kama hana kibali cha kufanya kazi. Zuu nyingine ni kampuni za biashara, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Mwenye viza ya mwanafunzi naye awe macho: kazi isiyo na mshahara lakini yenye mkataba na zamu za lazima huhesabiwa ndani ya saa zake za kazi. Hakikisha pia chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Asubuhi zana zinahesabiwa: mkasi wa kupogolea, msumeno, koleo, hata vipande vya kamba. Zikitoka bandani zinahesabiwa tena, maana mbuni humeza vyuma na nyani huokota chochote. Milango huwa miwili, na wa nje unafungwa kabla ya wa ndani kufunguliwa. Usiingie mpaka mtunza wanyama akuonyeshe kwa macho kwamba mnyama amefungiwa upande wa pili. Kuambiwa tu hakutoshi.

Kazi kubwa ni matawi ya kulisha. Mti wa kuujua kabla ya yote ni Salix, ambao Waingereza huuita willow. Wanyama wengi wala majani huupenda, na ukikatwa karibu na ardhi wakati wa baridi huchipua upya kwa nguvu. Kuuongeza ni rahisi: chomeka pingili za sentimita 30, theluthi mbili ndani ya udongo, macho yakitazama juu. Wakati wa majani, kata matawi asubuhi, uyasimamishe kwenye ndoo ya maji kivulini, na usichukue ya kando ya barabara kuu wala mahali palipopigwa dawa. Bandani, matawi yaning'inizwe kwa ndoano au mnyororo. Kamba ya plastiki humezwa ikaziba utumbo.

Matawi ya kulisha majira ya baridi huhifadhiwa kwa kushindiliwa kwenye pipa na kufunikwa hewa isipite. Hapa wengi hukosea kwa kujaza pipa haraka bila kukanyaga kila tabaka. Hewa ikibaki ndani, ukungu unaota, na pipa lenye ukungu halilishwi mnyama yeyote.

Upande wa sumu, jifunze majina ya Kilatini kama yalivyo, maana jina la mtaani hubeba mimea miwili au mitatu. Taxus, ule mti wa uzio wenye tunda jekundu, huua ng'ombe na farasi kwa kiasi kidogo, ukiwa mbichi au mkavu. Rhododendron na Prunus laurocerasus, vichaka vya mapambo na uzio, nazo ni hatari. Lantana, ambayo kwetu ni magugu ya malishoni, huku inauzwa kwenye vyungu vya maua, na sumu yake ni ileile. Tawi likishakatwa na kunyauka mnyama hupata shida zaidi kulitambua, kwa hiyo mabaki ya miti ya uzio yana toroli lake na yanafunikwa. Mtu mmoja akimwaga mabaki hayo juu ya ukuta wa banda la mbuzi, akidhani anawasaidia, daktari anaweza kuitwa akiwa amechelewa.

Palipo na uzio wa umeme, nyasi zikigusa waya zinavuta umeme ardhini, hasa asubuhi ya umande; mtunza azime kwanza ndipo ufyeke. Tazama juu pia. Mnyama aitwaye panda mwekundu (red panda) hupita kwenye tawi lililoinama juu ya uzio, kwa hiyo baada ya kila dhoruba zunguka ukuta wote.

Ukihama banda, sugua tope kwenye buti na zana kwa brashi kabla ya kuzitia dawa ya kuua vijidudu, kwani dawa haifanyi kazi juu ya tope.

Kinyesi cha wala majani ni mboji nzuri, ila nyasi kavu walizokula huenda zilipigwa dawa ya magugu iitwayo aminopiralidi, ambayo hupita tumboni ikiwa nzima. Changanya mboji na udongo nusu kwa nusu kwenye chungu, panda maharage, subiri wiki tatu au nne. Majani yakijikunja na kupinda kama vikombe, mboji hiyo isiguse nyanya wala maharage. Itandazwe kwenye nyasi.