Oili inatokea juu, sisi tulikuwa tunahangaika chini

Leo nimeamka kabla hakujapambazuka vizuri nikaenda moja kwa moja kuangalia boksi. Iringa saa 12 asubuhi mwezi huu wa 7 baridi inauma jamani, nimevaa koti juu ya nguo za kulalia nikachuchumaa nyuma ya tairi la mbele na tochi ya simu. Hilo boksi ni la mafuta ya kula, nilikuwa nalikunjua nalilaza chini ya gari kila jioni kwa miezi 2 sasa, na kila asubuhi lilikuwa linanipa jibu lilelile, doa jeusi kubwa kama sahani pale injini inapoungana na gia boksi.

Gari yenyewe ni Hilux Surf ya 1995, injini 1KZ, dizeli ya lita 3 yenye tabo, ile feni inayoendeshwa na moshi wa eksozi kusukuma hewa kwenye injini. Naipenda hii gari siwezi kuficha. Imepanda mlima Kitonga na familia nzima ndani sijui mara ngapi, imempeleka mama yangu hospitali usiku wa mvua, kwahiyo ilipoanza kuvuja nilikosa raha kabisa, nikawa kila nikipaki kwa watu nageuka kuangalia chini kama nimewaachia uchafu. Ilifika mahali naongeza lita 1 kila wiki 2.

Fundi wa kwanza aliangalia kwa chini tu, akaona oili inadondokea pale kwenye maungio, akasema hiyo ni krenki sili ya nyuma, ile inayozuia oili pale shafti kuu inapotokea nyuma ya injini, haina ubishi. Na kweli ukiangalia pale ndivyo inavyoonekana. Sasa ile sili huifikii mpaka gia boksi lishuke, na Surf ni 4WD kwahiyo na transfa, ile inayogawa nguvu tairi za mbele na nyuma, nayo inashuka, kazi ya siku 2, laki 4 na nusu ikaondoka. Wiki ya pili boksi likaloa palepale. Nikaenda kwa mwingine, huyu alisikia tu kwamba asubuhi inatoa moshi wa bluu akasema tabo imekufa, agiza nyingine yuda Dar. Yuda yaani iliyotumika, ambayo nayo hujui imeteswaje huko ilikotoka.

Kilichonizuia kuagiza ni hela haikuwepo, basi. Ila kuna jirani akaniambia nenda Ipogolo kuna mzee kazi yake dizeli tu, ametengeneza malori ya barabara ya Zambia tangu ujana wake.

Mzee hakushika spana. Nilimsalimia kamwene, akaitikia, akazunguka gari, akauliza umeshaiosha? Nikasema gari naosha kila jumamosi. Akasema hapana mwanangu, injini. Oili inashuka na inarudi nyuma, feni inaipuliza na upepo wa safari unaisukuma, sasa hapo unapoona inadondoka ni pale ilipochoka kutembea, sio ilipozaliwa. Nilikaa na hilo neno siku nzima maana laki 4 na nusu yangu ilikuwa imeishia hapo ilipochoka.

Tukaanza kuosha. Petroli kidogo na brashi, injini ikiwa ya baridi kabisa, alafu maji ya sabuni, alafu tukaiacha ikauke juani. Akaiwasha, akalegeza kifuniko cha kuwekea oili akakiacha kimekaa juu yake bila kufunga. Kikawa kinacheza kidogo tu. Akasema kingerushwa pembeni au moshi ungetoka kama birika linachemka ningejua ringi za pistoni zimechoka au breza, njia ya injini kupumulia, imeziba, presha imejaa ndani na inatafuta pa kutokea, hapo hata ubadilishe sili zote zitavuja tena. Mpira wa breza akauchomoa akausafisha hata hivyo, ulikuwa na utope mweusi mzito kama lami.

Alafu akanituma dukani kununua pauda ya mtoto. Nilidhani nimesikia vibaya. Akaipuliza upande wote wa tabo mpaka nyuma ya bloku, injini ikawa nyeupe kama imeanguka kwenye unga, akaniambia endesha kilomita 10 urudi. Tuliporudi akachukua kioo cha pembeni cha pikipiki na tochi, akakiingiza chini ya tabo, akaniita nione. Kwenye ule weupe kulikuwa na mstari mmoja mwembamba, mweusi, kama njia ya siafu, unaanzia chini ya tabo kwenye paipu linalorudisha oili kwenye injini, unafuata bloku unarudi nyuma unaenda kushuka kwenye maungio ya gia boksi. Mstari mmoja tu! Kwenye krenki sili pauda ilikuwa kavu.

Akafungua nati 2 za hilo paipu na hapa ndio niliumia moyo. Pale inapotakiwa kukaa gasketi mtu alishawahi kupaka silikoni nyekundu, nyingi, na ilipobanwa nyingine ikaminyika kwa ndani ikaganda, ulimi mzima unaning'inia kwenye tundu umeziba karibu nusu. Mzee akaung'oa na koleo akaniwekea mkononi, laini kama mpira wa kombeo.

Akanieleza taratibu. Oili inaingia kwenye tabo kwa presha ya pampu maana shafti ile inazunguka zaidi ya mara laki 1 kwa dakika na inaelea kwenye oili, lakini kutoka inatoka kwa kushuka yenyewe tu, hakuna kinachoisukuma. Na sili za tabo sio za mpira, ni ringi za chuma kama za pistoni, hazijawekwa kuzuia oili iliyosimama. Ukiziba njia ya kurudi oili inajaa, inapenya kwenye eksozi unaona moshi wa bluu, inapenya upande wa hewa inaingia kwenye injini. Na hiyo ya pili ndio ya kutisha kweli maana dizeli inaweza kuchoma oili yake yenyewe ikapanda mizunguko, unazima swichi na haizimiki.

Shafti akaitikisa kwa vidole, haikuwa inagonga popote. Tabo nzima, ya kwangu ileile.

Gasketi mpya ya chuma elfu 12. Kabla ya kuwasha alimimina oili kidogo kwenye tundu la juu la tabo, akachomoa waya wa pampu ya dizeli tukapiga stata mpaka taa ya oili ikazima, ndio akarudisha waya. Alinitoza elfu 50 kwa kazi yote, nikamwongeza akakataa, nikamwachia mke wake sukari.

Sasa asubuhi ya leo. Pale nyuma boksi ni kavu, nimepitisha kidole kikatoka na vumbi tu. Ila kwa mbele kuna tone 1, dogo kama kidonge, na mzee alishaniambia kwamba gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, imekauka kona ya mbele. Nimeshapiga simu, inakuja na basi kutoka Dar alhamisi.