Udongo wa Gas Works Park

Kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa la Lake Union, mjini Seattle, Marekani, palikuwa na kiwanda kilichotengeneza gesi ya matumizi ya mjini kwa makaa ya mawe, na baadaye kwa mafuta, tangu mwaka 1906 hadi 1956, gesi asilia ilipofika kwa bomba na kazi yake ikaisha. Kiwanda kilizimwa, lakini lami na benzini (kemikali yenye sumu, si petroli) zilizovuja kwa nusu karne zilibaki ardhini.

Jiji lilipoamua kuligeuza eneo hilo kuwa bustani ya umma, ambayo leo inaitwa Gas Works Park, wengi walitarajia minara ya kiwanda yenye kutu ingebomolewa. Msanifu wa mandhari Richard Haag aliona vingine, akatetea minara ibaki. Ubishi ulikuwa mkali kiasi kwamba familia ya Myrtle Edwards, diwani aliyepigania ununuzi wa eneo hilo na ambaye bustani ilikuwa ipewe jina lake, iliomba jina hilo liondolewe. Naelewa uchungu wao, ingawa naamini Haag alikuwa sahihi: bila ile minara, mgeni asingejua kamwe anakanyaga nini.

Ninachomheshimu zaidi ni alivyoushughulikia udongo. Badala ya kuuzoa wote na kwenda kuumwaga karibu na makazi ya watu wengine, sehemu kubwa ilitibiwa papo hapo: ulilimwa na kuchanganywa na tope la majitaka na vumbi la mbao, ili bakteria wapate chakula na hewa, nao wayavunjevunje mafuta yaliyomo. Kifusi kilirundikwa na kufunikwa udongo safi, kikawa kilima ambacho leo watu hurushia tiara. Jumba la pampu likawa mahali pa watoto kuchezea, mitambo yake ikiwa imepakwa rangi za kung'aa. Bustani ilifunguliwa mwaka 1975.

Hata hivyo bakteria hawamalizi kila kitu, hasa lami nzito iliyozama chini sana. Mwaka 1984 vipimo vilionyesha sumu ikiwa bado imo udongoni, bustani ikafungwa kwa muda, na baadaye zikaja kazi nyingine za kuongeza tabaka la udongo safi na kupuliza hewa ardhini ili kuitoa benzini. Kwa hiyo nasikitika kila ninaposoma tangazo la mradi, popote pale, linalosema kwamba ardhi ya kiwanda cha zamani "imesafishwa", bila kutaja nani ataipima baada ya miaka 10 au 30, wala kwa fedha za nani.

Pale Seattle, vibao ufukweni huwakataza watu kuingia majini, kwa sababu tope la chini ya ziwa nalo lilichafuliwa na kiwanda kilekile. Mtoto anayeteremka mbio kutoka kilimani huyaona maji hatua chache mbele yake, na mzazi hulazimika kumshika mkono. Kwangu mimi, tope hilo ndilo linalostahili fedha kwanza, kabla ya nyasi mpya au viti vipya.